Mirija Sita na Magunzi Sita

Siku mliyoniaga mlinipa shuka, thermos na daftari la kurasa mia mbili, na mmoja wenu akasema niandike humo mambo ya maabara kabla sijayasahau. Shuka ninaitumia. Thermos ninaitumia. Daftari limekaa mezani mwezi mzima likiniangalia, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba, na mtu wa darasa la saba akiwaandikia watu wenye diploma, hana budi kuanza kwa kuomba radhi. Basi naomba radhi. Mkikuta kosa, rekebisheni kwa penseli, si kwa kalamu, maana huenda nyinyi ndio mmekosea.

Msaada nilio nao ni mmoja. Tangu wiki ya kwanza kazini nilikuwa nikiandika kila jioni mistari miwili mitatu kwenye madaftari ya shule ya binti yangu Mwende, yale yaliyobaki na kurasa mwishoni. Kwa hiyo upande wa mbele kuna hesabu za Mwende, na ukigeuza kuna kemia yangu. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Mambo ya cheo na mshahara sitayaandika. Cheo kilibaki kilekile na mshahara mnaujua, maana ndio mnaopokea sasa.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chuo kiliniajiri nifagie ofisi, lakini siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, nikaambiwa niende maabara ya kemia kwa sababu mama aliyekuwa huko amekataa harufu. Sikuuliza harufu gani. Ningejua, labda leo ningekuwa naandika kumbukumbu za kufagia ofisi.

Aliyenipokea ni Mzee Nzioki, fundi mkuu wa maabara, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alinipa bika moja, ile glasi pana ya maabara, nioshe. Nikaosha, nikampa. Akaimiminia maji, akaiinua dirishani, akanirudishia. Nikaosha tena. Akanirudishia tena. Mara ya nne akanionyesha kosa: maji yalikuwa yakishuka kwenye glasi kwa matone matone, na kwenye glasi safi maji hushuka kama shuka moja, bila kuvunjika. Mara ya tano maji yakashuka kama shuka. Hakunisifu. Alinipa bika ya pili. Nimeandika jioni hiyo: "Bika kumi na nne. Huyu mzee ana kichwa kigumu." Kesho yake nimeandika: "Bika thelathini. Labda ana haki."

Sheria yake kubwa ilikuwa ya majina na rafu. Kila kitu kilikuwa na kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, na juu yake mwandiko wake wa wino mweusi, mzuri kuliko wa kadi ya harusi. Alikuwa akisema, "Kitu hakina jina na hakina rafu, kwangu hakiko." Ijumaa alasiri chombo chochote kisicho na plasta kiliingia kwenye beseni, hata kama mwenyewe anakishika. Nimewahi kuosha hivyo chupa ya uji ya mkuu wa idara.

Na ile harufu? Ni gesi ya salfa. Tuliitengeneza wenyewe kwa asidi, ikanuka kama mayai yaliyosahaulika kwenye kiota. Kabati la kuvuta hewa chafu lilikuwa na feni iliyofanya kazi siku ilizotaka. Kanisani nilipata benchi zima peke yangu. Mwende alinishauri nivue viatu nje, na nguo pia, kama majirani hawapo.

Somo langu la kwanza la kemia halikutoka kwa mwalimu. Mwanafunzi alivunja kipimajoto, zebaki ikatawanyika sakafuni, naye akaanza kuifukuza kwa vidole. Mzee Nzioki alimvuta kwa kola, akachukua unga wa salfa, akaunyunyiza juu ya vile vitone. Akaniambia salfa hupenda kushika metali, ikishika haiachi ovyo. Nikaandika hivyo. Sikujua kwamba sentensi hiyo itakuja kunilisha miaka mingi, na siku moja karibu initoe kazini.

Hiyo siku moja ndiyo mnayotaka kusikia, najua. Kila mgeni wa maabara huuliza habari za lile kasha la rafu ya tatu, na nyinyi humwambia mambo ambayo hayakutokea. Hapa nitaandika yaliyotokea, pamoja na yale yasiyonipendeza.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini alikuja Mwalimu Kilonzo, kijana wa miaka thelathini hivi, anafundisha mchana na anatafuta udaktari wake kwa saa zilizobaki. Kazi yake ilikuwa kuunganisha metali mbili kwa salfa: molibdeni na shaba. Anachukua chumvi ya molibdeni, anapitisha ile gesi yetu ndani ya maji yake, na maji yanatoka manjano yanakwenda machungwa yanakwenda mekundu kama juisi ya zambarau. Hapo molibdeni moja imeshikwa na salfa nne. Kisha anaiongezea shaba, na hizo salfa zinanyoosha mkono wa pili kuishika shaba. Vinakuwa kifundo kimoja kidogo, metali na salfa na metali.

Lakini kifundo hicho hakionekani kwa macho wala kwa hadubini. Ili ujue kimekaaje, lazima upate fuwele, ile punje inayong'aa kama chumvi ya mawe, ambayo vifundo vyake vyote vimejipanga mistari. Fuwele hiyo inapelekwa ng'ambo kwa profesa mwenye mashine ya eksirei, na mashine inasoma mistari na kuchora kila atomu mahali pake. Bila fuwele hakuna picha, bila picha hakuna udaktari. Na Mwalimu Kilonzo alikuwa amekaa mwaka mzima akipata unga tu. Unga mwekundu, unga wa kahawia, mara moja unga wa rangi ambayo hata yeye hakuitaja.

Njia yake ilikuwa hii. Anaweka kile kimiminika chekundu kizito chini ya mrija mwembamba, halafu juu yake anatiririsha polepole kimiminika chepesi kisicho na rangi, visichanganyike. Vinakaa kimoja juu ya kingine. Kwa wiki mbili tatu vinaingiliana taratibu, na pale vinapoingiliana, ukiwa na bahati, fuwele huota kwenye ukuta wa glasi.

"Mama Mwende," aliniambia, "hii kitu haitaki haraka na haitaki kutikiswa. Hata ukikohoa, kohoa ukiangalia mlango."

Mwezi wa pili aliitwa nyumbani, mama yake amelazwa. Aliniachia mirija sita kwenye rafu ya tatu, imefungwa kwa ile plastiki nyembamba ya kunyoosha, na maagizo matatu: niitazame kila asubuhi, nisiiguse, na plastiki ikichanika niweke nyingine. Plastiki ilichanika siku ya nne, kwa sababu ya joto. Nilipokwenda kwenye kabati, gombo lilikuwa limeisha. Nani alilimaliza? Nimeangalia daftari. Ni mimi, kwa ajili ya vitu vya mtihani wa wanafunzi. Vizibo vya glasi vilikuwa vyote kwenye mtihani huohuo. Nikajaribu kizibo cha raba. Mvuke wa kile kimiminika ukakivimbisha kama andazi, kikanasa nusu, nikakitoa taratibu. Mzee Nzioki alikuwa likizoni. Na kile kimiminika kilikuwa kinashuka, nakiona kwa macho, upana wa kucha kila saa.

Mama yangu aliziba vitete vyake, vile vibuyu vya uji, kwa gunzi la mahindi. Bibi yangu vilevile. Ukambani nzima, ukikuta kitete, mdomoni kuna gunzi. Sikufikiri hata kidogo. Nilikimbia nyumbani, si mbali, nikachukua magunzi, nikayachonga kwa kisu cha sukumawiki hadi yakaingia kwenye mirija sawasawa. Sita. Yakakaa vizuri, hayakuvimba. Nikatulia.

Hofu ilinijia wiki mbili baadaye, nilipokumbuka Mzee Nzioki anarudi Jumatatu. Aliwahi kumkuta mwanafunzi amekoroga asidi kwa kijiko cha chai, akamwambia mbele ya darasa kwamba anayeleta vitu vya jikoni maabara, yeye atampeleka huyo mtu jikoni. Nami jikoni ya chuo niliijua, na mpishi wake. Basi Jumapili baada ya kanisa nikaingia, vizibo vya glasi vikiwa vimesharudi, nikabadilisha. Magunzi nikayatia mfukoni, nikaenda nayo nyumbani, nikayachoma. Kwenye daftari niliandika. Lakini kwa mtu sikusema.

Jumatatu Mwalimu Kilonzo alirudi, mama yake amepona. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya tatu. Kwenye mirija mitano kati ya sita kulikuwa na fuwele, nyekundu nzito karibu nyeusi, zenye pembe kali, nyingine ndefu kama punje ya mchele. Alinishika mikono yote miwili akaniambia nina mkono wa baraka. Nikasema asante. Mpaka leo hiyo asante hunikaa vibaya.

Tulizifunga vizuri kwenye vichupa, na sponji niliyopewa na Abdi, yule Msomali anayeuza magodoro karibu na stendi, ambaye alitaka kujua ni dawa ya nini. Nikamwambia si dawa, ni mawe. Akasema kama mawe yanalalia godoro, basi hao ni matajiri. Zikasafiri.

Mwezi wa tano picha ikarudi kwa faksi ya ofisi ya mkuu wa chuo. Mwalimu Kilonzo aliniita nione. Nilitazama, nikaona duara na mistari, kama mtoto anayechora vitunguu. Akanisomea. Molibdeni hii hapa. Salfa tatu zimeizunguka. Shaba tatu zimeshikwa na hizo salfa. Umbo lake ni kiota, na kweli, ukilipindua ni kiota. Ila ile salfa ya nne haikuwepo. Mahali pake, juu ya molibdeni, imesimama oksijeni moja, kama kishikio cha kifuniko cha sufuria.

Profesa wa ng'ambo alikuwa amefurahi. Aliandika kwamba umbo la kiota linajulikana, lakini hili, na hiyo oksijeni liliyovalishwa, hajaliona. Kisha akauliza jambo moja: oksijeni ilitoka wapi? Irudie kazi, utuandikie hatua zote, upate fuwele zilezile. Kama haiwezekani kurudiwa, sura hiyo ya tasnifu itaondolewa, na mwisho ni Agosti, kwa kuwa muda wa Mwalimu Kilonzo wa kusajiliwa ulikuwa unaisha. Na bila sura hiyo, alichobaki nacho ni mwaka wa unga.

Akarudia. Akaziba vizuri, kwa plastiki mpya. Unga. Akarudia tena kwa vizibo vya glasi. Unga. Mara ya tatu alishinda njaa siku nzima akipima kila kitu mara mbili. Unga. Alikonda. Alianza kusoma daftari lake la kazi kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko aliyokwisha kuitafuta. Alimwambia Mzee Nzioki kwamba labda alikosea chupa mwezi wa pili, kwamba labda ataandika barua kukiri hajui alichofanya. Mimi nilikuwa naosha bika. Maji yalishuka kwa matone.

Haki ni kusema kwamba sikuwa na uhakika. Nilijiambia gunzi ni kizibo tu, kizibo hakiingii kwenye kifundo. Mwanamke wa darasa la saba ataanzaje kumwambia mwalimu habari za oksijeni? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ilikuwa mpishi na jikoni yake. Nilikaa kimya wiki tano. Nimezihesabu kwenye daftari, na katika wiki hizo tano sikuandika habari za mirija hata mara moja, jambo linaloonyesha nilijua.

Aliponiuliza kama nina bahasha ya kuandikia ng'ambo, nikajua ni ile barua. Nikaenda nikaleta daftari la Mwende badala ya bahasha.

"Mwalimu, ile mirija ya mwezi wa pili sikuiziba vile uliniambia."

"Uliiziba na nini?"

"Gunzi."

"Gunzi ya nini?"

"Ya mahindi, Mwalimu. Kwani kuna gunzi ingine?"

Hakucheka. Alisoma mstari wangu, akageuza akaona hesabu za Mwende, akageuza tena. Kisha akakaa kwenye stuli.

"Wiki tano, mama," akasema. "Wiki tano nimefikiri mimi ndiye nimechanganyikiwa."

Nikamwambia nisamehe. Akasema atanisamehe, lakini si leo. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu anayekusamehe papo hapo mara nyingi hajasikia ulichosema.

Nikaenda mwenyewe kwa Mzee Nzioki, kabla hajaambiwa. Alinisikiliza akiwa ameshika plasta na kalamu.

"Nilisema nitapeleka mtu jikoni," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Utaenda. Lakini tumalize kwanza hii kazi. Leta hizo gunzi zako."

Nikaleta, kutoka kwenye gunia la kuwashia moto, makavu kama mfupa. Tukapanga mirija, tukaziba, tukangoja wiki tatu. Tukapata unga.

Hapo ndipo nilipojidharau kabisa. Nilikuwa nimekiri kosa, nimemtia mtu tumaini, na kosa lenyewe halikufanya kazi. Mwalimu Kilonzo hakusema neno baya. Alisema tu labda si gunzi, akaenda darasani. Mwezi wa saba ulikuwa unakatika. Nilirudi nyumbani, nikafungua daftari, nikasoma tena mstari wa ile siku, neno kwa neno, kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine: "Jumanne. Vizibo vimeisha. Nimeziba sita kwa gunzi. Mahindi ya Kalunde tuliyopukuchua jana. Mwende amevimba vidole."

Kalunde ni dada yangu wa Kathiani. Na vidole vya Mwende nilikuwa nimevisoma mara tatu bila kuviona. Nani huvimba vidole kwa kupukuchua mahindi makavu? Mahindi yakikauka, punje huruka zenyewe, hata mtoto hupukuchua akiimba. Yanayovimbisha vidole ni yale ambayo hayajakauka, yameng'ang'ania gunzi, na gunzi lake bado lina maji ndani. Kalunde mwaka huo alivuna mapema kwa kuogopa wezi, akatuletea mahindi mabichi nusu, nami nikamlaumu kwa hilo. Gunzi la mwezi wa pili na gunzi la gunia havikuwa kitu kimoja.

Jumamosi nikaenda Kathiani. Bahati ilikuwa msimu wa kuvuna, na Kalunde hana subira. Tayari alikuwa ameanza. Nikamwambia nataka magunzi ya mahindi ambayo hajayaacha yakauke.

"Watu wote hukuja hapa kuomba mahindi," akasema. "Wewe umekuja kuomba yenye hubaki. Kwani chuo kimefilisika?"

Nikamwambia ni ya kemia. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema alijua tu ile harufu ingenifikia kichwani. Lakini alinisaidia kupukuchua, na kila kidole kilipouma nilifurahi, akazidi kuniogopa.

Mzee Nzioki ndiye aliyesema safari hii tufanye kwa haki. Mirija tisa: mitatu ya glasi, mitatu ya gunzi kavu, mitatu ya gunzi la Kathiani. Kimiminika kutoka chupa moja, rafu moja, siku moja. Kisha akafunga midomo yote tisa kwa kitambaa cheupe cha aina moja, akaandika nambari, na orodha akaifungia kwenye droo yake, ili anayetazama asijue anatazama nini. Mwalimu Kilonzo akasema hiyo ni njia ya kisasa kabisa. Mzee akasema hapana, ni njia ya mtu asiyewaamini wote wawili.

Siku kumi na nane. Sitazieleza. Nilikohoa nikiangalia mlango.

Siku ya kumi na nane Mwalimu Kilonzo aliitazama yote kwa lenzi, akaandika kwenye karatasi nambari mbili: mbili na tisa. Humo mlikuwa na fuwele nyekundu nzito, zenye pembe. Mingine yote unga. Mzee Nzioki alifungua droo, akasoma orodha bila kuonyesha kitu usoni, kisha akafungua kitambaa cha nambari mbili. Gunzi la Kathiani. Akafungua cha tisa. Gunzi la Kathiani. La tatu la Kathiani lilikuwa kwenye nambari saba, na nambari saba ilitoa unga; nalisema hili kwa sababu watu wanaposimulia husema yote matatu yalifaulu. Ni mawili.

"Aiya," akasema Mwalimu Kilonzo, polepole, na akakaa tena kwenye stuli ileile. Halafu akanigeukia. "Mama Mwende, ile siku nilisema si leo. Sasa ni leo."

Fuwele zikasafiri tena kwenye sponji ya Abdi, na wiki ya mwisho ya Agosti faksi ikasema ni kiota kilekile, na oksijeni imesimama palepale. Wao wawili, mwalimu na profesa, walibishana mpaka mwisho kama oksijeni ilitoka kwenye maji ya gunzi au kwenye hewa ambayo gunzi bichi huipitisha kidogo kidogo. Kwenye tasnifu waliandika sababu zote mbili na kwamba hawajui ni ipi. Niliipenda sentensi hiyo kuliko zote. Lakini ile ya njia ya kazi niliikataa. Aliandika "magunzi makavu ya mahindi", kwa mazoea ya kiungwana nadhani. Nikamwambia Mwalimu, ukiandika makavu, mtu mwingine atapata unga mwaka mzima kama wewe. Akafuta. Pia alitaka kuandika kwenye shukrani kwamba nilivumbua. Nikasema sikuvumbua, niliziba. Na kama ananitaja mimi, amtaje na Kalunde, na Mzee Nzioki aliyefunga vitambaa. Akatutaja wote watatu, mimi wa mwisho, kama nilivyoomba.

Watahini walipokuja waliomba kuona maabara. Walikuwa watatu, na mmoja, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisimama mbele ya rafu ya tatu na tasnifu mkononi, akauliza ni mahindi ya aina gani. Mwalimu Kilonzo alijua urefu wa kila kiungo kati ya shaba na salfa mpaka nukta ya tatu. Hilo hakulijua. Akageuka akanitazama, nami nilikuwa kwenye sinki.

"Ni Katumani, mama," nikasema. "Lakini yavunwe mapema. Na kama vidole havikuumi, hayafai."

Aliandika. Nilimwona akiandika, hata habari ya vidole.

Akawa Daktari Kilonzo. Mimi nilingoja kupelekwa jikoni. Jumatatu iliyofuata nilifika mapema kama kawaida, nikakuta Mzee Nzioki ameshafika kabla yangu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na ameshika kasha la kadibodi la viatu. Akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Akaliweka rafu ya tatu, katikati ya vizibo vya glasi na vizibo vya raba, akabandika plasta, akaisawazisha kwa kidole gumba. Kisha akaenda kunywa chai bila kunisalimia. Nikasogea nikasoma, kwa ule mwandiko wake wa wino mweusi: "Magunzi. Kathiani. Yasioshwe."

Kasha hilo nimewaachia. Yaliyomo sasa yamekauka na hayafai kitu, lakini msiyatupe Ijumaa, yana jina na yana rafu. Mkihitaji mengine, Kalunde bado yupo na bado hana subira. Mwambieni ni ya kemia, kisha kaeni mpukuchue naye, na jioni muandike mahali jinsi vidole vilivyokuwa.